Tuchome mahindi au tuchome magunzi? Somo la kupasha nyumba joto msimu wa baridi

Leo tunaacha kidogo mbolea na viuatilifu, tunaingia ndani ya nyumba. Wasomaji wangu wengi mko huku nyanda za juu kusini, na mnajua wenyewe kwamba kuanzia Juni mpaka Agosti baridi ya huku haina mchezo. Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya vijijini, Sumbawanga, kote huko jioni ikifika kila mtu anatafuta moto. Kule Kitulo asubuhi unakuta majani yamekuwa meupe kwa sakitu.

Wiki chache zilizopita mkulima mmoja wa kata yangu alinionyesha video kwenye simu. Ni nyumba ya Marekani, theluji nje, na sebuleni kuna jiko la chuma lenye kioo mbele. Mwenye nyumba anamimina mahindi makavu juu ya lile jiko kama anayelisha kuku, na moto unawaka vizuri bila moshi. Akaniuliza: "Bwana shamba, na sisi tuna mahindi, bei yenyewe ndiyo hii inayoshuka kila tukivuna. Kwa nini tusichome?"

Ni swali zuri na linastahili jibu lenye hesabu. Ndani yake kuna mambo matatu: chakula, afya ya familia, na rutuba ya shamba. Twende taratibu.

1. Majiko hayo yanafanyaje kazi?

Kuna aina mbili zinazofanana sana. La kwanza ni jiko la peleti. Peleti ni vijiti vifupi vilivyokandamizwa kwa mashine, unene wake kwa kawaida ni milimita 6 au 8, vinafanana na chakula cha sungura. Hutengenezwa zaidi kwa unga wa mbao. Hakuna gundi inayowekwa. Mashine ikikandamiza unga wa mbao kwa nguvu sana unapata joto, na kitu kilichomo ndani ya mti kinachoitwa lignini kinalainika na kushikamanisha kila kitu. Ikipoa inakuwa ngumu.

La pili ni jiko la mahindi. Hili linachoma punje za mahindi yaliyopukuchuliwa, hivyo hivyo zilivyo.

Yote mawili yana sehemu hizi:

- Tangi la juu la kuwekea peleti au punje.
- Parafujo ndefu inayozungushwa na mota ya umeme. Hii inasukuma chakula cha jiko kidogo kidogo kwenda kwenye moto.
- Chungu kidogo cha chuma ambamo moto unawaka.
- Feni ya kuvuta hewa. Inaupa moto hewa ya kutosha na kusukuma moshi utoke nje kwa bomba.
- Feni ya pili, inayopuliza hewa ya chumba kupita pembeni ya chuma cha moto na kuirudisha chumbani ikiwa na joto.

Angalia vizuri jambo moja hapo: hewa ya chumbani na moshi wa moto havikutani. Moshi una njia yake ya kutoka nje. Ukikumbuka kitu kimoja tu katika somo hili, kumbuka hicho. Tutakirudia chini.

Angalia na jambo la pili: parafujo na feni vinategemea umeme. Umeme ukikatika, jiko halilishwi na feni haivuti. Wenyewe huko wanaweka betri ya akiba. Sisi ambao umeme unakatika wakati wowote, tusijidanganye kwamba ni chombo cha kununua na kusahau.

Jiko la mahindi lina usumbufu wake zaidi. Mahindi yanatakiwa yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 15, na wengi wanapendelea karibu 12. Yasiwe na vumbi wala mapande ya magunzi, maana parafujo itakwama. Punje ni ngumu kuwashwa, kwa hiyo wengi huanza na peleti za mbao kisha ndipo wanaleta mahindi. Majivu ya mahindi nayo yana madini, hasa potasiamu na fosforasi, ambayo kwenye moto mkali yanayeyuka na kuganda kuwa mabonge magumu kama kioo. Yasipotolewa yanaziba chungu cha moto. Na moshi wake unakula bomba la bati la kawaida, ndiyo maana bomba zake hutengenezwa kwa chuma cha pua.

2. Kwa nini Wamarekani walifikia kuchoma mahindi?

Hawakuwa wanachezea chakula. Ilikuwa hesabu. Mwishoni mwa mwaka 2005, baada ya kimbunga Katrina kuharibu mitambo ya mafuta na gesi kusini mwa nchi yao, bei ya kupasha nyumba joto ilipanda sana. Wakati huo huo mahindi yalikuwa mengi na bei shambani ilikuwa chini ya dola 2 kwa busheli. Busheli moja ya mahindi ni kilo 25.4. Yaani gunia letu la kilo 100 lilikuwa halifiki dola 8. Mkulima mwenye ghala limejaa akaona heri achome mahindi yake kuliko kununua gesi.

Lakini tazama kilichofuata. Mahitaji ya mahindi yakaongezeka, hasa kwa ajili ya kutengeneza ethanoli, na bei ikapanda. Mwaka 2012 ukame ukapiga maeneo makubwa ya mahindi huko, bei ikapita dola 7 kwa busheli. Aliyenunua jiko la mahindi 2005 akajikuta anachoma pesa. Wengi wakarudi kwenye peleti za mbao au gesi.

Fundisho: nishati inayotokana na chakula bei yake inafuata bei ya chakula. Leo unaona mahindi hayana soko, kesho Januari debe linakutoa jasho. Na wewe ndugu mkulima unajua kwamba wengi wetu tunauza Julai na kununua Februari.

3. Sasa hesabu yetu: punje dhidi ya gunzi

Joto la kitu kinachoungua hupimwa kwa megajuli. Kwa kilo moja, makadirio ni haya:

- Punje za mahindi makavu: karibu megajuli 16.
- Magunzi makavu: karibu megajuli 16.
- Peleti za mbao: karibu megajuli 17.
- Mkaa mzuri: karibu megajuli 28 hadi 30.

Umeona? Punje na gunzi vinakaribiana kabisa! Kilo ya gunzi inakupa joto lile lile la kilo ya mahindi. Tofauti ni kwamba punje inaliwa, inauzwa, inalisha kuku, na gunzi wengi wetu tunalitupa nyuma ya nyumba au kulichoma moto kiwanjani siku ya kupukuchua.

Kilo moja ya mahindi ina kalori zaidi ya 3,500. Ni chakula kinachotosha nguvu za mtu mzima kwa zaidi ya siku moja. Jiko la mahindi kule Marekani, siku ya baridi kali, linaweza kula kilo 25. Hilo ni gunia la kilo 100 kwa siku 4. Kwa miezi mitatu ya baridi unazungumzia magunia zaidi ya 20. Wangapi kati yetu tunapata magunia 20 kwenye ekari moja? Wapo, wale wanaofuata kanuni bora. Lakini wengi bado.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hili: mahindi mazuri usichome. Si kwa sababu ni mwiko tu, ingawa wazee wetu hawakuruhusu mtoto hata kukanyaga punje. Ni kwa sababu unacho kitu kingine chenye joto lile lile, nacho ni bure.

Una magunzi kiasi gani? Kwa kila kilo 100 za punje ulizopukuchua, unabaki na magunzi makavu kilo 18 hadi 20 hivi. Mkulima aliyevuna magunia 20 ana punje kilo 2,000, na magunzi yake ni kati ya kilo 360 na 400. Ukitumia kilo 4 kila jioni, kuanzia Juni mosi mpaka Agosti 31, ni siku 92, unahitaji kilo 368. Yaani magunzi ya magunia 20 yanakaribia kukuvusha msimu mzima wa baridi.

Na kilo 4 zinatosha? Kilo 4 ni megajuli 64. Tuseme jiko lako la bomba linabakiza nusu ya joto ndani na nusu inatoka na moshi. Unabaki na megajuli 32, ambazo ni sawa na uniti 8 hadi 9 za umeme. Ni kama umewasha hita ya kilowati 2 kwa saa nne na zaidi. Kwa sebule ya kawaida, hiyo ni jioni nzuri kabisa. Linganisha na bei ya uniti unazonunua, utaona magunzi si takataka.

4. Jiko la mkaa chumbani: hapa naomba tusikilizane

Kabla sijaeleza namna ya kutumia magunzi, lazima niseme hili. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyokutwa asubuhi haina uhai, na jiko la mkaa liko katikati ya chumba. Watu wanasema ni uchawi, wengine wanasema sumu kwenye chakula. Mara nyingi ni hewa.

Kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha kinatoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kushika mahali pale ambapo oksijeni ingekaa. Inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu inazunguka lakini haibebi hewa safi. Aliyelala anazidi kulala, haamki.

Watu wanadhani mkaa ukishaiva na kuacha moshi umekuwa salama. Hapana. Moshi ni kitu kimoja na kaboni monoksaidi ni kitu kingine. Mkaa mwekundu usio na moshi unatoa hewa hiyo nyingi sana, na kwa kuwa hauwashi macho, hakuna kinachokukimbiza. Moto wa kuni angalau unakutoa machozi ukatoka nje.

Dalili zake: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, kuchanganyikiwa. Ukiona watu wawili watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja jioni moto ukiwaka, usiseme ni malaria. Fanya hivi:

- Fungua milango na madirisha, toa watu wote nje haraka, na jiko litoke.
- Asiyeamka au asiyepumua vizuri apelekwe hospitali mara moja, na uwaambie wahudumu kwamba kulikuwa na jiko ndani. Anahitaji oksijeni.
- Usipoteze muda kumnywesha maziwa. Hewa hii haikuingia tumboni, imeingia kwa mapafu. Na mtu aliyepoteza fahamu ukimnywesha kitu unaweza kumpalia.

Sheria yangu ni fupi: moto usio na bomba la kutoa moshi nje haulali ndani na watu. Uwe wa mkaa, mkaa mbadala, magunzi au peleti. Kuacha dirisha wazi kidogo siyo kinga ya kuaminika, maana upepo ukigeuka hali inageuka.

Na wafugaji wa kuku, hili linawahusu pia. Banda la vifaranga lililofunikwa maturubai pande zote na jiko la mkaa katikati ni hatari ile ile. Vifaranga wakifa wengi usiku mmoja bila dalili ya ugonjwa, angalia hewa kabla hujakimbilia duka la dawa. Na wewe mwenyewe usilale humo kuwalinda.

5. Namna ya kutumia magunzi vizuri

*Kukausha.* Gunzi hushika maji kuliko punje. Unaweza kupukuchua mahindi yaliyokauka, kumbe gunzi bado lina unyevu. Litandaze juani kwenye turubai au chanja siku kadhaa, usiliache kwenye ardhi tupu. Likikauka sawasawa ukilivunja kwa mikono linalia *ka!* na kuvunjika. Likijikunja au likaacha unyevu kwenye vidole, bado. Gunzi bichi linatoa moshi mwingi, joto kidogo, na masizi yake yanaganda ndani ya bomba.

*Kuhifadhi.* Weka kwenye magunia au kwenye kibanda chenye paa, juu ya chanja, mbali na ukuta wa jikoni. Usiyaweke darini juu ya jiko, hapo umejitengenezea kiberiti. Pia usiyaweke ndani ya ghala la mahindi, maana dumuzi wanajificha kwenye magunzi na kurudi kwenye punje. Rundo liwe mahali panapoonekana kwa sababu panya wanalipenda, na panya wakija nyoka naye yuko njiani.

*Jiko.* Kwa kupasha nyumba joto unataka jiko lililofungwa lenye mlango, tundu la hewa linaloweza kupunguzwa, na bomba. Linaweza kuwa la chuma, wapo mafundi wa kuchomelea wanaotengeneza, au la matofali na udongo kama majiko banifu tunayojenga vijijini. La matofali linachelewa kupata joto, lakini likishapata linalitunza mpaka usiku wa manane hata moto ukizimika. Hilo kwa baridi yetu ni faida kubwa.

*Bomba.* Tumia bomba la inchi 4 au zaidi. Lipande wima kadiri inavyowezekana, kona ziwe chache. Ncha yake ivuke kilele cha paa kwa sentimita 60 hivi, la sivyo upepo unarudisha moshi ndani. Bomba la chuma tupu likae mbali na mbao na dari, sentimita 45 hivi. Kama nyumba ina paa la nyasi au mbao nyingi, ni salama zaidi kulipitisha kwenye ukuta wa tofali na kulipandisha nje. Kila mwezi wa matumizi ligonge na kulisafisha masizi. Moto wa masizi ndani ya bomba umeunguza nyumba za watu.

*Kuwasha.* Anza na vijiti vikavu, kisha magunzi machache. Acha hewa iingie ya kutosha mpaka moto ushike, ndipo uongeze. Magunzi yanaungua haraka kuliko gogo, kwa hiyo lisha kidogo kidogo, manne matano kwa mara moja, badala ya kujaza jiko na kulifunga. Ukilibana hewa moto unavuta kwa shida, masizi yanaongezeka, na ile hewa ya sumu pia. Kabla ya kulala acha moto uungue uishe, usizibe bomba ili "kutunza joto".

6. Na peleti je?

Peleti hapa kwetu zipo, ila zaidi kwa ajili ya majiko ya kupikia yenye feni ndogo, ambayo huwashwa kutoka juu. Zinawaka safi kuliko kuni. Serikali mwaka 2024 ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo nategemea tutaziona zaidi.

Malighafi tunayo. Mufindi kuna shamba la miti la Sao Hill, na kuzunguka Mafinga hadi Njombe viwanda vya mbao vinatoa maranda mpaka yanachomwa kando ya barabara. Mbarali na Kyela kuna pumba za mpunga. Kwa kikundi cha vijana kinachofikiria biashara, mambo matatu ya kuzingatia:

- Unyevu wa maranda ni kila kitu. Yakiwa na maji mengi peleti hazishikani, yakiwa makavu kupita kiasi zinabomoka. Peleti ikikamilika inatakiwa iwe chini ya asilimia 10 ya unyevu, na ikinyeshewa mara moja tu inarudi kuwa unga.
- Pumba za mpunga zina majivu mengi, karibu moja ya tano ya uzito wake. Jiko litajaa majivu haraka. Peleti nzuri za mbao majivu hayafiki hata asilimia 1.
- Usitumie kabisa maranda au vipande vya nguzo na mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani. Dawa nyingi za nguzo zina aseniki, kromiamu na shaba. Ukichoma, sumu inakwenda kwenye moshi na inabaki kwenye majivu. Hata kwa kuchemshia maji ya kuoga, usichome.

Na jiko la peleti la kupikia lisilo na bomba linabaki kuwa moto usio na bomba. Pika, sebule ipate joto mkiwa macho na mlango wazi, kisha litoe nje.

7. Mahindi yaliyoharibika

Hapa ndipo moto unaweza kuruhusiwa kula punje. Mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kuwa na sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kupika ugali. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu waliugua, na wengine walifariki, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Usimlishe mtu, usimlishe kuku, usiyasage kuchanganya na mazuri, na usimpe ng'ombe wa maziwa kwa sababu sumu inatokea kwenye maziwa.

Kama ni machache, yachome nje, mbali na nyumba, kwenye moto mkali mpaka yawe majivu, au yafukie. Ukiyashika vaa kitambaa puani na mdomoni, usiyapepete, maana vumbi lake pia lina madhara. Usiyaweke ndani ya nyumba yakisubiri zamu ya kuchomwa.

8. Usilipore shamba

Ukishaona magunzi yanafaa, utatamani na mabua. Hapo nakuzuia. Mabua na majani ndiyo yenye virutubisho vingi na ndiyo yanayofunika udongo usichukuliwe na mvua za kwanza. Gunzi lina naitrojeni kidogo, kwa hiyo kulitoa shambani hakukuumizi sana. Bua liache shambani, gunzi lije nyumbani.

Majivu ya magunzi nayo ni mali. Yana potasiamu na yanapunguza uchachu wa udongo, na udongo wetu wa Njombe na Mufindi mwingi ni wenye uchachu. Lakini yana masharti:

- Nyunyiza kidogo kwenye maharage, kabichi, vitunguu na mahindi, changanya na udongo kabla ya kupanda.
- Usiweke kwenye viazi mviringo. Uchachu ukipungua sana, ugonjwa wa magamba kwenye viazi unapata nafasi.
- Usiweke kwenye chai. Chai inaupenda huo uchachu.
- Usichanganye majivu na yurea au samadi mbichi. Naitrojeni itapotea hewani, nawe umelipia.
- Yaache yapoe siku mbili tatu kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko. Kaa moja iliyojificha inatosha kuchoma ghala.

9. Kabla ya kuongeza moto, zuia baridi

Joto linapanda juu. Nyumba isiyo na dari inapasha joto mabati tu. Hata dari ya turubai au ya mianzi iliyokandikwa udongo inasaidia sana, ila isikaribiane na bomba. Ziba nyufa za chini ya mlango kwenye vyumba vya kulala ambavyo havina moto. Chumba chenye jiko la bomba usikizibe kabisa, maana moto unahitaji hewa ya kuingia.

Kwa kitandani, mfuko wa mpira wa maji ya moto uliofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa unawapa joto watoto na wazee kwa saa kadhaa, bila moshi na bila hewa ya sumu. Maji yenyewe umeyachemsha kwenye jiko lile lile la magunzi jioni.

Muhtasari wa somo

1. Punje na gunzi vina joto karibu sawa. Kula punje, choma gunzi.
2. Magunia 20 yanakupa magunzi ya karibu msimu mzima wa baridi.
3. Jiko la ndani liwe na bomba. Lisilo na bomba halilali na watu wala vifaranga.
4. Mkaa usio na moshi bado unaua.
5. Maranda ya mbao zenye dawa hayachomwi.
6. Mabua yabaki shambani, majivu yarudi shambani, lakini si kwenye viazi wala chai.

Kazi ya nyumbani: msimu huu ukipukuchua, pima magunzi yako kwa mizani kabla ya kuyatupa, uandike kwenye daftari. Gawanya kwa kilo 4 ujue una jioni ngapi za joto. Mwenye jiko la mkaa chumbani, leo hii, kabla hujalala, litoe nje. Na jirani yako mwenye watoto wadogo mgongee mlango umwambie naye.

Mwenye swali aliandike hapo chini, au anikute ofisi ya kata siku ya mnada. Somo lijalo tutarudi shambani: maandalizi ya mbegu za viazi. Kazi njema.